Kumbe sista ana nywele!

Mimi nasuka hapa Makambako, kisaluni kangu kana viti vitatu na mashine moja ya kunyolea, na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ni sista. Sasa alikuja likizo, asubuhi katoka uani kuosha kichwa kwenye beseni, shela kaianika kwenye kamba, mara jirani huyo kaja kuomba chumvi, kafika mlangoni kaganda. "Kumbe sista ana nywele!" Anazo mama, tena fupi za vidole viwili, nyeusi tii, zimejaa kuliko za nusu ya wateja wangu, maana hazijui dawa wala hazijavutwa na rasta.

Saluni ndo mahali ambapo uongo huu unakaa kabisa, mtu akishakaa kwenye kiti masaa matano hana pa kwenda ataongea tu. Kubwa wanalosemaga ni kwamba masista wote wana vipara na ni Kanisa Katoliki limeamuru hivyo. Hamna. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 669, inasema watawa wavae vazi la shirika lao, nywele haizigusi kabisa. Hayo mengine kila shirika na desturi zake, na Njombe hapa tuna Wabenediktini wa Imiliwaha, Iringa kuna Wateresina, ukivuka kwenda Ruvuma unawakuta wa Chipole, huwezi kuwabeba wote kwenye kapu moja. Hata ibada ya kuweka nadhiri iliyotoka Roma mwaka 1970 haina mkasi ndani yake, kuna litania, kuna nadhiri zenyewe, kuna kuvishwa shela. Wengi wanakata fupi kwa sababu ya kawaida tu, hebu vaa rasta za mgongoni halafu funika na shela ushinde na jua la Usangu uone.

Halafu kuna wale wa "maskini binti mzuri wamemmaliza nywele". Jamani, binti wa huku amenyolewa tangu darasa la kwanza! Shule nyingi za serikali nywele ni fupi mpaka fom foo, akitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa masista mkasi utakata nini? Sanasana mwenye cha kukata ni yule aliyekaa mtaani miaka miwili akawa anakuja kwangu.

Lakini inayonichekeshaga mimi ni ile ya kwamba kunyoa ni amri ya toka enzi za mitume. Ukweli ni kinyume kabisa, karne ya 4 Mtaguso wa Gangra, yaani mkutano wa maaskofu huko Uturuki ya leo, ulimlaani mwanamke atakayekata nywele eti kwa ajili ya utawa, na mwaka 390 Theodosius, Kaisari wa Roma, akatoa sheria kwamba aliyejikata hivyo asiingie kanisani. Walikuwa wanamfuata Paulo, 1 Wakorintho 11, kwamba nywele ndefu ni fahari ya mwanamke. Na wakati huohuo Mtakatifu Jeromu anaandika kwamba kwenye monasteri za Misri na Siria wanawali na wajane wanampa mama mkuu wa monasteri nywele zao azikate, na sababu anaitaja bila aibu: hawaogi bafuni wala hawapaki mafuta kichwani, sasa wasije wakaliwa na wadudu. Yaani chawa! Sisi tunatafuta fumbo, kumbe ni jambo ambalo msusi yeyote angekwambia.

Fumbo lipo, ila limekuja na Mtakatifu Klara wa Assisi, Italia, aliyeanzisha masista Waklara. Usiku wa Jumapili ya Matawi mwaka 1212, binti wa miaka 18 wa nyumba kubwa katoroka kwao, Mtakatifu Fransisko wa mji huohuo akamkata nywele kwenye kikanisa cha Porziuncola. Ndugu wakamfuata monasterini alikofichwa wamrudishe akaolewe, yeye kashika vitambaa vya altare kwa mkono mmoja, mwingine kavua shela akawaonyesha kichwa. Wakaondoka. Maana kwa watu wale kichwa kile kilikuwa jibu, binti wa namna ile humpeleki tena kwa mchumba. Baadaye akaandika kanuni ya maisha ya masista wake, ikapitishwa mwaka 1253 siku mbili kabla hajafa, na humo kukatwa nywele kumo, ndo maana Waklara wa ndani, wale wasiotoka monasterini, mpaka leo kuna wanaofanya hiyo ibada. Nywele zake zipo Assisi zimetunzwa, kama zilivyotunzwa za Tereza wa Mtoto Yesu kule Lisieux, Ufaransa, msimamizi wa Wateresina wetu, ambaye Januari 1889 alienda kuvishwa vazi la utawa akiwa na gauni jeupe la bibi arusi na nywele za mawimbi mgongoni. Kwahiyo mkisikia nywele za sista zinachomwa usiku, zinafanyiwa sijui nini, muulizeni anayesema kaziona wapi.

Na eti ukishakatwa huwezi tena kurudi nyumbani. Hapa mnawatisha mabinti bure. Novisi, yaani yule anayejifunza bado hajaweka nadhiri, anaweza kuondoka siku yoyote, nadhiri za mwanzo ni za muda, miaka mitatu mpaka sita, na za daima haruhusiwi chini ya miaka 21. Nywele zenyewe zinaota kila mwezi kama sentimita moja, hazijui nadhiri.

Shangazi yetu ndo hakuelewa kabisa. Siku sista anaondoka, stendi pale, kamtolea kofia ya sufu kaisuka mwenyewe, kamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ya kufunika hicho kichwa kitupu." Mdogo wangu kaipokea kwa mikono miwili. "Asante shangazi. Nywele ninazo, ila kule kwetu Julai baridi haiulizi." Akaivaa juu ya shela hapohapo, akapanda basi.