Je, wajua kwa nini dawa ya kichwa inaweza kukuletea kichwa?

Mtu mwenye kipandauso cha miaka mingi utamsikia akilalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki, zamani alikuwa anameza mbili analala anaamka mzima, sasa anameza asubuhi na jioni na kichwa kipo palepale. Anabadilisha famasi, anahama kutoka paracetamol kwenda diclofenac, jirani anamwambia mwili ushazoea, aongeze dozi. Akienda zahanati anapimwa malaria, anapimwa presha, hakuna kitu. Na hesabu yake inaeleweka kabisa, dawa ilikuwa inafanya kazi, sasa haifanyi, basi dawa ndo mbovu.

Ila mara nyingi dawa iko sawa, kilichobadilika ni kichwa chenyewe, na dawa imechangia kukibadilisha. Madaktari wanaiita hali hii maumivu ya kichwa yatokanayo na kuzidisha dawa, na vigezo vyake viko wazi: mtu tayari alikuwa na tatizo la kichwa, sasa kinamuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na kwa zaidi ya miezi 3 amekuwa akimeza paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kila mwezi. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye paracetamol na kafeini pamoja, au dawa za kipandauso ziitwazo triptani, kama sumatriptan, au dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadol, kiwango kinashuka mpaka siku 10 tu.

Angalia vizuri hapo, zinahesabiwa siku, sio vidonge. Hili ndo linawapita watu wengi sana. Kuna yule anayenunua viwili kila jioni dukani, vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, viwili tu na kamwe hazidishi, na anaamini yuko salama kuliko mwenzake aliyemeza sita kwa siku moja mbaya halafu akakaa wiki mbili bila kugusa dawa. Kwa tatizo hili ni kinyume, wa viwili kila siku ndo yuko pabaya.

Sasa kinachotokea ndani ni nini? Fikiria mbwa wa geti. Wafugaji wanajua mbwa anayefungiwa bandani kutwa ndo hutoka mkali usiku. Akibweka ukamfungia, kelele zinaisha kweli, lakini humo ndani hatulii, anazidi kuwa na hamaki, na ukimfungia kila siku inafika mahali anabwekea jani likianguka, anabwekea mpaka mwenye nyumba. Mbwa huyo ni mshipa wa fahamu unaoitwa trijemina, unaobeba hisia za uso na za utando unaofunika ubongo. Kipandauso kikianza, mshipa huu unamwaga kemikali iitwayo CGRP na maumivu yanapanda. Dawa inaunyamazisha. Kwenye panya waliopewa triptani mfululizo, seli za mshipa huo zilionekana kuwa na CGRP nyingi zaidi, na waliopewa paracetamol kwa muda mrefu ubongo wao ulipatwa kirahisi zaidi na wimbi la umeme linalotambaa kama milimita 3 kwa dakika, ambalo ndo huwaletea baadhi ya wagonjwa vimulimuli machoni kabla ya kichwa kuanza. Hao ni panya, kwa binadamu ushahidi wa moja kwa moja ni mwembamba zaidi.

Cha ajabu kuliko vyote ni hiki: mtu anayemeza dawa hizohizo kila siku kwa ajili ya magoti au mgongo, na hajawahi kuwa na historia ya kipandauso, kwa kawaida haimletei kichwa. Yaani dawa peke yake haitoshi, inahitaji ubongo ambao tayari una huo mwelekeo.

Kuhusu tiba wataalamu hawajakubaliana kila kitu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2020 ulielekea kuunga mkono kuacha dawa za maumivu na kuanza dawa ya kinga, yaani ya kuzuia kichwa kisianze, kwa pamoja, wa Marekani wa 2022 ukakuta kwamba ukianza dawa ya kinga, matokeo yanakaribiana uache usiache zile za maumivu. Kinachoonekana kote ni dawa ya kinga. Propranolol na amitriptyline ni za zamani na bei yake si kubwa, zinamezwa kila siku hata kichwa kisipouma, na zinahitaji kama miezi 2 au 3 kabla ya kusema zimeshindwa. Mwenye pumu asipewe propranolol, kwa hiyo nenda kwa daktari, na ubebe kalenda uliyoweka alama kila siku uliyomeza kitu chochote cha maumivu. Ukiweza, siku za kumeza dawa za maumivu zibaki 2 kwa wiki.

Kichwa kilichokuja ghafla kama radi, au chenye homa na shingo kukakamaa, au upande mmoja wa mwili kulegea, hicho ni cha kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Na ukipunguza dawa za maumivu, jua kwamba siku 2 mpaka 10 za mwanzo kichwa kinaweza kuuma kuliko zamani, na kichefuchefu juu. Wengi huishia hapo, wanarudi dukani wakiamini dawa ndo ilikuwa inawashikilia, kumbe ni ubongo unaizoea hali mpya. Isipokuwa wa kodeini na tramadol, hao wasiache ghafla peke yao, daktari awapunguzie polepole.