Nakala rudufu: kila saa, kila siku au kila Ijumaa?

Karibu kila mafunzo tunayotoa kitengo chetu cha TEHAMA, mtu huuliza: nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya data, ichukuliwe kila baada ya muda gani? Anatarajia fundi amtajie siku. Fundi hajui. Anayejua ni karani anayeingiza stakabadhi, kwa kuwa ndiye atakayezirudia diski ikifa.

Tuseme ni SACCOS ndogo. Karani anaingiza stakabadhi 200 kwa siku, na nakala huchukuliwa Ijumaa jioni. Alhamisi wakati wa kufunga ofisi, kompyuta inagoma kuwaka. Zimepotea stakabadhi 800. Akichapa 40 kwa saa, ni saa 20 za kurudia, huku wanachama wamepanga foleni dirishani. Na hapo tumebahatika, maana vishina vya vitabu vya stakabadhi vipo kabatini. Maelezo ya mkopo yaliyochapwa moja kwa moja kwenye programu hayana kishina; hayo yamekwenda. Basi, kabla ya kupanga ratiba, jiulize uko tayari kurudia kazi ya muda gani, na utairudia kutoka wapi. Kwa SACCOS hii, mimi nisingekubali chini ya kila siku jioni.

Ofisi ya taaluma ya chuo ina hali nyingine. Faili la alama linaweza kukaa wiki tatu halijaguswa, na kulinakili kila siku ni kujaza diski bure. Ikifika wiki ya kuingiza matokeo, watu watatu wanachapa kutwa nzima: hapo chukua nakala mchana na jioni. Matokeo yakishatangazwa, rudi kwenye ratiba ya wiki.

Saa nayo ina mambo yake. Programu nyingi hupangwa zifanye kazi hii usiku wa manane. Nimewahi kukuta ofisi ambayo ratiba ilisoma saa 8 usiku, kila siku, vizuri kabisa. Ila mlinzi alikuwa akizima swichi kuu saa 12 jioni. Nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Tuliihamishia saa 7 mchana, watu wakiwa kwenye chakula.

Wapo wanaosema, "Sisi data zetu zinajinakili zenyewe muda wote." Tarehe 27 Juni 2017, virusi vya NotPetya viliivamia Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Nakala za seva nyingi, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, zilikuwepo, za siku 3 hadi 7 nyuma. Lakini zile seva 150 hivi zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao ziliachwa zinakiliane zenyewe kwa zenyewe, na zote zikafutika kwa mpigo. Ilinusurika moja tu, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio! Diski yake ilibidi isafirishwe kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza.

Kinachojinakili papo hapo hunakili na kosa papo hapo. Folda ya mtandaoni ni hivyohivyo: ukifuta faili kwenye kompyuta, na kule linafutika. Ndiyo maana nakala ya leo isikae juu ya ile ya jana. Weka za Jumatatu hadi Ijumaa, nne za wiki, na za mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima. Diski ikishamaliza kunakili ichomolewe, maana virusi vya kudai fidia hufunga kila kilichochomekwa.

Mara moja kwa mwezi, chukua nakala uirudishe kwenye kompyuta nyingine, ufungue rekodi ya mwanachama mmoja na kuilinganisha na kitabu chake. Angalia saa unapoanza na unapomaliza, kwa kuwa muda wote huo, siku ya tukio, dirisha litakuwa limefungwa.