Mchezaji mhamaji katika hoki ya barafuni

Mchezaji mhamaji ni yule ambaye msimu huu yuko timu hii, msimu ujao ana jezi nyingine, na kabla hujaizoea ameshafika mji wa tatu. Sisi tuliokulia kwenye soka neno hilo hutupa shaka. Mtu akibadili klabu kila mara tunasema anafuata pesa, au kiwango kimeshuka. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, hukumu hiyo mara nyingi inamwonea mtu.

Huko timu hazilipani ada ya uhamisho kama kwenye soka. Hubadilishana wachezaji, au hupeana haki ya kuchagua chipukizi katika mchujo wa kila mwaka, na mkataba wa mchezaji unamfuata aendako. Ridhaa yake haihitajiki, ila kama mkataba una kipengele cha kuzuia uhamisho, na kipengele hicho hakipati kila mtu. Katika soka mchezaji akikataa, dili limekufa. Kwenye hoki anaarifiwa tu, afungashe virago.

Mfano ninaoupenda ni Mike Sillinger, mshambuliaji wa kati kutoka Regina, Kanada. Detroit walimchagua katika mchujo wa chipukizi wa 1989, akiwa wa 11 kuchaguliwa. Hadi anastaafu mwaka 2009 alikuwa amechezea timu 12 za NHL, ambayo ni rekodi ya ligi, akiwa na mechi 1,049 na mabao 240. Mechi elfu moja hazichezwi na mtu asiyefaa.

Kwa nini basi alizungushwa hivyo? Kwa sababu alijua kazi ambayo kila timu inaihitaji. Mchezo unapoanzishwa upya, washambuliaji wawili wa kati huinama wakitazamana, fimbo chini, macho kwenye mkono wa mwamuzi. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, inaangushwa, na kwa kufumba na kufumbua mmoja ameshaivuta kwa wenzake. Sillinger alikuwa hodari hapo, na hodari pia wa kulinda timu inapobaki pungufu baada ya mwenzao kutolewa kwa dakika mbili. Timu inayowania ubingwa ikikosa mtu wa namna hiyo, humtafuta kwa timu iliyokwisha kukata tamaa. Kwa hiyo kila alipoachwa na mmoja, palikuwa na mwingine aliyemtaka, na hili la pili ndilo tunalolisahau.

Msimu wa 2005/06, akiwa na miaka 34, alifunga mabao 32, mengi kuliko msimu wowote wa maisha yake. Katikati ya msimu huohuo St. Louis walimpeleka Nashville.

Julai 2003 ilikuwa kali zaidi. Columbus walimpeleka Dallas, na siku hiyohiyo Dallas wakampeleka Phoenix. Jezi ya Dallas hakuwahi kuivaa, ndiyo maana haimo kwenye zile 12. Nyumbani kulikuwa na kichanga: mwanawe Cole alikuwa amezaliwa Columbus mwezi Mei mwaka huo. Mwaka 2021 Cole naye aliingia kwenye mchujo wa chipukizi, na timu iliyomchukua, akiwa wa 12, ilikuwa Columbus.