Wote Kumtaja Mtu Mmoja Si Ushahidi

Kila shule ya bweni hapa Mbeya au kwa jirani zetu wa Songwe inapokumbwa na wimbi la wasichana kupiga kelele na kuanguka, wazazi wanaokuja kliniki huniambia neno lile lile: "Daktari, wote wamemwona bibi yule yule, na watoto wote hawawezi kusema uongo." Kusema kweli nimechoka kulisikia. Hawasemi uongo, na bado bibi huyo hana hatia.

Hofu ya halaiki huenea kwa kuonana na kusikilizana. Mmoja akianguka, wenzake wenye wasiwasi wa mitihani, njaa au msiba humtazama, na miili yao huitikia bila wao kukusudia. Kisha mtu mzima mwenye nia njema, mara nyingi matroni au mchungaji, huuliza mbele ya bweni zima, "Umemwona nani?", na jina la kwanza kutajwa huwa jina la wote. Kufanana kwa maelezo ni dalili mojawapo ya ugonjwa wenyewe, wala hakumthibitishi mchawi yeyote.

Huko Salem, Massachusetts, mwaka 1692, washukiwa wa kwanza wa uchawi walikuwa Tituba aliyekuwa mtumwa, Sarah Good aliyekuwa ombaomba, na Sarah Osborne aliyekuwa mgonjwa asiyeonekana kanisani. Walihojiwa hadharani, huku wasichana waliowatuhumu wakiwa humo humo, wakionana na kusikilizana. Mahakama ilipokea ushahidi wa vivuli vya washukiwa ambavyo walalamikaji pekee waliviona. Watu 19 wakanyongwa, na Giles Corey akafa kwa kulundikiwa mawe. Mwaka 1693, mahakama mpya ilipoukataa ushahidi wa namna hiyo, karibu washtakiwa wote waliachiwa.

Wengine husema, "Wanajifanya." Hapana. Katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera, mwaka 1962, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na vicheko na vilio. Vipimo havikuonyesha sumu wala vimelea, na hakuna mwalimu aliyeugua. Dhana hii huchochewa pia na jukwaa: katika tamthilia yake ya mwaka 1953, The Crucible, inayohusu kesi za Salem, Arthur Miller alimfanya Abigail Williams, mmoja wa wasichana waliotuhumu, kimada wa John Proctor, mmoja wa walionyongwa, anayelipiza kisasi, ilhali Abigail halisi alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12 na Proctor alikuwa na miaka 60 hivi. Tamthilia inaruhusiwa kubuni mwongo mmoja. Mkuu wa shule asipoteze wiki nzima akimsaka.

"Ni mambo ya wasiosoma." Jaji mkuu wa Salem, William Stoughton, alisoma Harvard.

"Wachawi wa Salem walichomwa moto." Hakuna hata mmoja.

"Funga shule, yataisha." Kashasha ilifungwa mwezi Machi, na ugonjwa ukaenda na wanafunzi hadi kijiji cha Nshamba. Mimi hushauri kwanza kuondoa shaka ya malaria, homa ya uti wa mgongo na sumu ya chakula, kisha kuwatenga walioanguka mbali na watazamaji, wawili wawili, bila maombi ya hadhara wala simu za kurekodi, na asiulizwe yeyote jina la mtu. Jina likiwa limeshatajwa, mtendaji wa kijiji na polisi wajulishwe siku hiyo hiyo ili bibi huyo alindwe kabla ya usiku kuingia.