Kiswahili chako si kibali cha kutojifunza Kiarabu

Juzi tena. Baba wa kijana mmoja anayekuja Oman kwa mafunzo kwa vitendo alinipigia simu kuuliza kama kweli kuna haja ya yale masomo ya jioni ninayowapa wanagenzi wiki ya kwanza. "Dada yangu, Kiswahili si Kiarabu nusu? Huyu mtoto atamudu." Kauli hii nimeisikia kwa wazazi, kwa wahadhiri na kwa wanafunzi wenyewe tangu nianze kuwapokea hapa Maskati. Nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja.

Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Ngeli zake, viambishi vyake, namna kitenzi kinavyobeba sentensi nzima mgongoni, hakuna hata kimoja kilichotoka Uarabuni. Maneno ya Kiarabu tuliyonayo ni wageni waliolowea, wakazaa, wakajukuu, na wajukuu hawafanani tena na babu. Hilo tu lingetosha, lakini halimtoshi mtu ambaye tayari ameamini.

Kila kundi huwa na mchanganyiko: Mjerumani, Mpolandi, Mhindi, pengine Mtunisia, na wa kwetu wawili watatu. Mpolandi hajui neno, kwa hiyo anauliza. Wa kwetu haulizi, kwa sababu amesikia neno analolijua. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Kijana mmoja wa uhandisi aliambiwa na msimamizi wake aripoti kesho yake "as-saa sabaa". Saa saba! Akafurahi kwamba ameelewa bila mkalimani. Msimamizi alimaanisha saa ya ukutani, yaani kwetu saa moja asubuhi. Kijana alifika saa saba mchana, mwezi wa Julai, akakuta eneo la ujenzi kimya, hakuna hata wa kumuuliza. Oman kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri. Akakaa kwenye kivuli cha ukuta akiamini kampuni imemdanganya. Msimamizi naye alikwisha kuandika kwamba mwanafunzi ni mtoro. Barua ile ilinichukua wiki mbili kuifuta, na si uvivu wala ujinga wa kijana uliosababisha. Sita, saba na tisa zetu ni zao. Saa yetu siyo.

Siku nazo ni hivyo hivyo. Waarabu wanahesabu kuanzia Jumapili, sisi kuanzia Jumamosi. Siku yao ya tatu, "ath-thulatha", ni Jumanne. Mwenye kuchukua tatu na kuibandika moja kwa moja anatua Jumatatu. Na wiki ya kazi hapa ni Jumapili hadi Alhamisi. Tangu 2013 mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi.

Sasa neno linaloniudhi kuliko yote: tafadhali. Kwetu ni neno la mwombaji. Tafadhali nipe maji, tafadhali nisaidie. Kwa Kiarabu, "tafadhal" ni neno la mwenye kutoa. Mwenyeji anasimama mlangoni: tafadhal, ingia. Anasogeza sinia: tafadhal, kula. Mmefika kwenye lifti pamoja, anakunyooshea mkono: tafadhal, tangulia. Kazi hiyo kwetu inafanywa na "karibu". Mwombaji wa Kiarabu husema "min fadhlak", au "lau samaht", ambayo shina lake ni lile lile la samahani yetu. Basi mwanafunzi wetu anakwenda kwa karani, anasema kwa adabu zote alizolelewa nazo, "tafadhal, mhuri", na karani anabaki anamtazama mikono, anangoja apewe huo mhuri. Kwa nini nalishikilia jambo dogo hivi? Kwa sababu mwanafunzi huyu ana heshima kweli, kisha anarudi nyumbani akisema Waarabu hawajali ukiwaomba vizuri. Anatoka hapa na chuki iliyojengwa juu ya neno moja.

"Rahisi" ni hatari zaidi. Kwetu ni kitu chepesi kufanyika na pia cha bei nafuu. "Rakhis" ya Kiarabu ni bei tu, na ukiisema juu ya mtu au kazi yake, ni tusi. Kazi nyepesi ni "sahl". Na wahandisi, naomba mnisikie: sakafu yenu iko chini, "saqf" ya Mwarabu iko juu, ni dari. Soma mchoro mara mbili.

Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa nasema uongo nikidai kila neno la pamoja ni mtego. Kiarabu cha Oman chenyewe kina mambo ambayo mwanafunzi aliyesomea Kiarabu cha Cairo hayajui na Mzanzibari anayahisi mara moja. Ukumbi wa wanaume wa mtaa huitwa "sabla", nasi tuna sebule. Ukipita watu wanakula utasikia "qarrib", sogea, jongea, na hapo karibu yetu inaonekana waziwazi imetokea wapi. Kwa hiyo ninawaambia wasiamini maneno, kisha maneno mengine yanawapokea kama ndugu. Sijapata njia ya kufundisha mambo haya mawili kwa jioni moja bila kuwachanganya.

Kahawa sitaieleza. Mkono wa kulia, tende kwanza, tikisa kikombe ukitosheka. Dele, lile birika la kahawa, wanalijua wote.

Jambo la mwisho ni Kiswahili cha Waomani wenyewe. Wapo wengi: familia zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na zilizorudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka 1970 na kuwaita walio nje. Mwanafunzi akigundua mkuu wa idara anajua Kiswahili, anamrukia mbele ya ofisi nzima: "Kumbe wewe wa nyumbani! Ulihama lini?" Jamani. Huyo ni Momani, yuko kwao. Na hilo swali la kuhama, kwa baadhi yao, ni swali la nyumba iliyobaki na ndugu waliozikwa. Huliulizi siku ya kwanza, mbele ya printa.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa miaka yote ilikuwa moja: ngoja yeye aanze. Mwaka jana binti mmoja kutoka Tanga aliivunja. Alimkuta mama mtu mzima wa masijala akiwa peke yake, akamwamkia "Shikamoo, bibi", hakuongeza kitu. Yule mama alinyamaza muda mrefu, kisha akaitika marahaba na kumshika mkono. Miezi mitatu iliyobaki binti alikula chakula cha mchana mezani kwake, na Mjerumani wa kundi lile akawa anafuata nyuma na daftari, anajifunza kuamkia. Kanuni yangu ingemnyima binti yule meza ile. Lakini bila kanuni hiyo, yule wa "ulihama lini" atarudi tena. Bado naifundisha, ila sasa sauti yangu si kali kama zamani.

Nimeiondoa ile orodha ndefu ya maneno ya mtego niliyokuwa nikiwapa wanagenzi. Niliona wakishaisoma wa kwetu wananyamaza kabisa kwa woga, na mwanagenzi bubu hanufaishi mtu. Jioni ya kwanza sasa naandika ubaoni "as-saa sabaa", namwambia kila mmoja aandike kwenye karatasi jua litakuwa wapi akifika kazini. Karatasi za wa kwetu nazisoma mwanzo. Baba yule nimemwambia mwanawe aje na kalamu.