Hati ya Babu: Isomeni, Msiiandike Upya

Malalamiko yanayofika mezani petu Mombasa yanafanana. Familia inaleta hati ya nyumba ya Mji wa Kale au shamba la Kisauni, iliyoandikwa kwa khati (herufi) za Kiarabu, pamoja na "nakala mpya" iliyopigwa chapa na karani wa barazani. Nakala hiyo imewala pesa, na haina kazi.

Mwandishi wa hati hakuwa mpiga chapa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha deni liandikwe na mwandishi kwa uadilifu, mashahidi wakiwepo, na amana hiyo ndiyo aliyoibeba. Aliandika jina la muuzaji na la babake, mnunuzi, bei, tarehe ya Hijria, kisha mipaka minne: kibla, suheli (kusini), matlai (mashariki), maghribi (magharibi), kila upande na jirani wake. Ramani haikuwepo, jirani ndiye aliyekuwa mpaka. Jina moja likisomwa vibaya, kiwanja kimehama. Na kibla, kwa Mswahili wa Pwani, ni kaskazini.

Lakini hati hiyo si hatimiliki, na tumelisema mara nyingi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye ardhi Pwani apeleke dai lake kwa msajili, na hati kama hizi zilikuwa ushahidi. Aliyethibitisha alipewa cheti. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali ya kikoloni. Kwa hiyo suala si ukongwe wa karatasi. Suala ni je, dai lilisajiliwa? Jibu limo katika daftari la masjala ya ardhi: ombeni upekuzi rasmi.

Mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali. Kuuza ni jambo jingine: tangu 2003 mkataba wa ardhi sharti uandikwe, utiwe saini na pande zote, na kila saini iwe na shahidi aliyekuwepo. Asiyejua kuandika huweka dole gumba. Asiye wakili akitayarisha hati ya uhamisho kwa malipo amevunja kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili, na pesa mliyompa mnaweza kuidai mahakamani.

Tafadhali msiitie hati plastiki ya moto, wala msipitishe kalamu juu ya wino uliofifia. Ipigeni picha, itieni kwenye bahasha ya karatasi, kisha mtafuteni msomaji wa khati akae na mzee wenu wakati bado anawakumbuka majirani wale kwa majina.