Unatafuta mkutano wa AA? Soma hii kwanza

Tangu kampeni yetu ya pombe ianze, simu za kuulizia AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) zinaingia ofisini mfululizo na tunashukuru, ni afadhali mara mia mtu apige aulize kuliko akae nyumbani akiona aibu. Lakini muda mwingi unaishia kwa mambo yale yale, kwa hivyo naandika hapa mtu asome na amsomee mwenzake.

Simu nyingi si za mnywaji mwenyewe, ni za mama, mke, dada. "Daktari naomba mwanangu aandikishwe AA." Mama yangu, AA haina kuandikishwa. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna kitambulisho, na sisi ofisini hatuna orodha ya wanaohudhuria na hata tungekuwa nayo tusingempa mtu, awe mke, awe mwajiri, awe chifu. Sharti ni moja tu, mtu mwenyewe awe anataka kuacha pombe. Si lazima awe ameacha tayari, kutaka kunatosha. Akija amekunywa hafukuzwi mradi asisumbue wenzake, ataambiwa akae asikilize.

Na AA si idara ya serikali, si rihabu, si kanisa. Hili la kanisa linatuchosha kwa kweli, tena ndugu zetu Waislamu huku Pwani wanakataa kwenda kwa sababu mkutano uko kwenye ukumbi wa kanisa. Ukumbi unakodishwa kwa sababu ni bei nafuu na uko karibu na stage, basi, na pesa ya kukodi inatoka kwa kikapu kinachozungushwa, asiye na kitu anapitisha tu. Mungu anatajwa ndiyo, ila kila mtu kwa anavyomjua. AA ilianza 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, na waanzilishi ni wawili, Bill Wilson alikuwa mtu wa soko la hisa na Bob Smith daktari wa upasuaji, wote pombe imewamaliza, wakagundua wakiongea wao kwa wao siku inapita bila kunywa. Kwa hivyo ukiingia usitafute mtaalamu mbele. Utakuta viti vya plastiki vimepangwa duara, thermos ya chai, mmoja anasema "naitwa fulani, mimi ni mlevi," wanamwitikia, anaeleza yake kama dakika tano, anashukuriwa, mwingine. Hakuna anayekatizwa na hakuna anayeshauriwa bila kuomba. Mgeni halazimishwi kuongea.

Sasa namna ya kupata mkutano. Piga 1192, ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, bure, usiku na mchana. Usishangae ukiulizwa uko wapi, unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, mara ya mwisho lini, umewahi kuzimia au kupata degedege, umewahi kufikiria kujidhuru. Si uchunguzi wa polisi, majibu hayo ndiyo yanatuonyesha kama utume kwa mkutano au hospitali kwanza. Tafadhali sema ukweli wa kiasi, ukisema chupa mbili na ni nane unajidanganya wewe. Ukipewa mahali, uliza pia namba ya mtu wa kikundi na umpigie siku hiyo hiyo kabla hujatoka, kumbi hubadilika na hakuna kitu kinavunja moyo kama kufika ukute mlango una kufuli. Uliza kama ni mkutano wa wazi, huo unaweza kusindikizwa na ndugu, au wa ndani, huo ni wa wenye shida ya pombe pekee. Kama kwenu hakuna, au uko Doha au Muscat kazini, iko mikutano ya mtandaoni, anzia aa.org.

Saa nayo ni muhimu. Kwa sheria ya vileo ya Kenya ya 2010 baa inafungua saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, wikendi na sikukuu saa nane mchana. Kwa hivyo wewe chagua mkutano wa saa ile ile miguu yako ilizoea kuelekea baa, hiyo ndiyo saa ngumu.

Jambo la hatari sana. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kwanza, USIACHE GHAFLA peke yako eti kwa sababu umeamua. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48, halafu siku ya pili au ya tatu mtu anaona vitu visivyokuwepo, anatokwa jasho, anaweza kufa. Nenda hospitali wakupe dawa wakuangalie, mkutano utaukuta.

Mkutano wa kwanza usipokupendeza jaribu kikundi kingine, kuna cha vijana watupu, kuna cha wazee, watu hawafanani. Nanyi mke na mama, yenu inaitwa Al-Anon, ipo tangu 1951, ni ya ndugu wa mnywaji na mnaweza kuanza wiki hii hata kama yeye bado amekataa kabisa.